Mama wa miaka 76 kaninyang'anya debe

MUULIZE MWALIMU

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 54, mtumishi wa serikali, naishi Area C hapa Dodoma. Nilihamia mwaka 2017 wizara yetu ilipotoka Dar es Salaam. Nakuandikia kwa sababu ya jambo lililonipata kijijini kwetu, wilaya ya Bahi, Juni iliyopita, ambalo mpaka leo sijamsimulia mtu yeyote kazini.

Nilikwenda kumsaidia mama kuingiza uwele. Mama ana miaka 76. Uwele ulikuwa umeshapigwa na kupepetwa, kazi iliyobaki ilikuwa kuubeba kutoka uani hadi kwenye kihenge, hatua kama arobaini hivi. Debe la kwanza nikalifikisha. La pili nikalifikisha nikihema. La tatu nililiinua hadi mapajani, nikasimama, kisha nikalirudisha chini taratibu nikijifanya naangalia simu. Mama alikuwa anafagia. Akaweka ufagio chini, akaja, akasokota khanga kuwa kata, akapiga goti moja. Debe likapanda pajani, likatoka pajani likaenda begani, kutoka begani likakaa kichwani. Akaenda nalo. Aliporudi akaniuliza kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie: "Unaumwa, baba?"

Jioni ikawa mbaya zaidi. Tumekaa kwenye vigoda tunakula, nikataka kuinuka nikanawe, miguu ikakataa. Nikashika bega la mpwa wangu wa miaka tisa ndipo nikasimama. Mtoto alicheka, akasahau. Mimi sikulala.

Mwalimu, mimi si mtu wa kuanzia sifuri. Nikiwa na miaka 38 nilivuta kamba kwenye timu ya wizara katika michezo ya SHIMIWI, tena nilikuwa yule mtu wa mwisho anayejizungushia kamba mwilini. Dar nilikuwa napanda daladala, nasimama, natembea. Hapa nina gari. Kwenda Mtumba, kwenye mji wa serikali, ni gari, ofisini ni kiti, jioni ni kochi na mpira. Nina kilo 91.

Niliporudi mjini nikanunua raba, nikajiunga na kikundi cha jogingi. Vijana watupu. Jumamosi ya kwanza tulikwenda kilomita nane, nikamaliza wa mwisho. Ya pili nikajikaza nikawa katikati. Ya tatu, mwezi wa nane, kiongozi akaanzisha wimbo, tukaongeza mwendo tukipandisha kuelekea UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, nikasikia kitu kimenipiga nyuma ya mguu kama jiwe. Niligeuka kabisa kumtafuta aliyerusha. Hakukuwa na mtu. Ni shavu la mguu lilikuwa limechanika.

Daktari alinipa dawa za maumivu, akaniambia nipumzike. Alinipima na presha, ikawa 148 kwa 94, akasema nirudi baada ya wiki mbili ipimwe tena. Sijarudi. Ni wiki sita sasa, natembea vizuri, ila kwenye ngazi mguu bado unavuta.

Mke wangu anasema nimejitakia, mtu wa umri wangu akae na wazee wenzake. Vijana ofisini wanazungumza habari za Simbu, yule wa kwetu Singida aliyechukua dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo akiwa na miaka 33, wanasema sasa ndiyo ameiva. Kama 33 ni kuiva, 54 ni nini? Imebaki miaka sita nistaafu kwa lazima. Nilikuwa nimepanga nikistaafu nirudi Bahi nikalime mwenyewe, ekari nane za marehemu baba zipo. Sasa najiuliza nitalima na nini.

Swali langu ni hili: mwili wa umri huu unaweza kweli kuwa bora kuliko ulivyo leo, au nitafute tu namna ya kuzeeka bila kujiaibisha?

Mvuta Kamba, Area C

*

Marahaba, mdogo wangu.

Naanza na presha, maana umeipitisha katikati ya barua haraka kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai. Mpaka ni 140 kwa 90, na wewe umeuvuka juu na chini. Kipimo kimoja hakitoshi kusema una ugonjwa, ndiyo sababu daktari alikuambia urudi. Basi rudi wiki hii, kabla hujashika ndoo wala kufunga raba, na waombe wakupime na sukari. Ukianzishiwa dawa usidhani mambo yamekwisha, mazoezi yenyewe ni mojawapo ya vitu vinavyoshusha presha. Ila kuanzia leo jifunze jambo moja: ukiinua kitu kizito usibane pumzi. Toa pumzi wakati wa kuinua, vuta wakati wa kushusha. Kubana pumzi chini ya mzigo hupandisha presha ghafla, na nyinyi wavuta kamba ndiyo tabia yenu. Na siku yoyote kifua kikibana, au maumivu yakishuka mkononi au kupanda kwenye taya, au ukapata kizunguzungu na jasho la baridi, unaacha hapohapo, unakwenda hospitali. Humalizii seti.

Sasa tuje kwenye debe.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika pale pa kujifanya unaangalia simu nacheka. Lakini kuna kitu umekisema mwenyewe na hukukisikia: gari, kiti, kochi. Umeniandikia aya nzima kuhusu umri, ilhali katikati yake umeniorodhesha miaka minane ya kukaa.

Ngoja nikupe kisa. Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, watafiti waliwachukua vijana watano wa miaka 20, wazima kabisa, wakawalaza kitandani wiki tatu mfululizo. Walipowaamsha na kuwapima, uwezo wa miili yao kutumia oksijeni wakati wa kazi ngumu ulikuwa umeporomoka vibaya. Wakawapa mazoezi, ukarudi, ukapita hata ulipoanzia. Miaka 30 baadaye watafiti wakawatafuta watu walewale. Sasa wamegonga hamsini, wamenenepa, kila mtu na shughuli zake. Wakawapima tena. Zile wiki tatu za kitandani zilikuwa zimewashusha kuliko miaka 30 ya kuishi! Kisha wakawapa miezi sita ya mazoezi yaliyoanza kidogo na kuongezwa polepole, na pumzi yao ikarudi pale ilipokuwa walipokuwa na miaka 20, kabla hawajalazwa. Kile kilele cha ujanani walichofikia baada ya mazoezi ya 1966 hawakukifikia tena, nalisema hilo usije ukaniletea kesi. Na watu watano ni wachache. Lakini walikuwa watu walewale, wamepimwa wakiwa na miaka 20 na wamepimwa wakiwa na miaka 50, na ushahidi wa namna hiyo haupatikani kila siku.

Wewe hukulazwa wiki tatu. Umejilaza mwenyewe, kwa awamu.

Mama yako hajawahi kukaa miaka minane. Kila siku anachuchumaa mara ishirini na kitu bila kuhesabu: jikoni, kisimani, shambani, chooni. Anainua, anatwanga, anatembea. Sikisifii kijiji kwa sababu nakijua. Muulize mgongo wake usiku unasemaje, na shingo yake iliyobeba ndoo tangu utotoni. Naye nguvu zimempungua, angekuonyesha alivyokuwa akibeba debe akiwa na miaka 40. Tofauti yenu ni kwamba yeye ameshuka kutoka juu taratibu, wewe umeruka dirishani.

Umri wenyewe unachukua nini basi? Unachukua, tusidanganyane. Misuli huanza kupungua tangu miaka ya thelathini, na baada ya 60 kasi inaongezeka. Zinazotangulia kuondoka ni zile nyuzi za haraka, zinazokupa nguvu ya ghafla, ya kujishika usianguke ukijikwaa. Mapigo ya juu kabisa ya moyo hushuka mwaka hadi mwaka, na hakuna zoezi la kuyazuia. Kupona kunachelewa. Mimi mwenyewe nimefundisha michezo shuleni zaidi ya miaka thelathini, na watu wanadhani nilikuwa nakimbia muda wote huo. Nilikuwa nasimama kivulini napuliza filimbi. Nilipofika 60 niliteleza kwenye vigae vya nyumbani kwangu, nikavunjika kifundo cha mkono. Ndiko nilikojifunzia habari za nyuzi za haraka, nikiwa na plasta. Leo nina 66, na mwezi uliopita nimebeba gunia la mkaa nusu, kutoka kwenye bajaji hadi jikoni, wakati kijana wa bajaji anatafuta chenji.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni ndiyo, unaweza kuwa bora kuliko ulivyo leo, na kwa mbali. Mwaka 1990 yalichapishwa matokeo ya wazee kumi wa Boston, wa miaka 86 hadi 96, waliokuwa wakiishi kwenye nyumba ya wazee. Waliinua uzito kwa miguu kwa wiki nane. Nguvu za mapaja zikaongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Hao wangekuita wewe mtoto. Tena mwili uliowahi kujengwa hurudi upesi kuliko ambao haujawahi, kwa hiyo ile kamba ya SHIMIWI haikupotea bure.

Sasa kwa nini ulichanika? Sina ugomvi na vikundi vya jogingi, nimeimba nao mchakamchaka asubuhi nyingi. Lakini sikiliza: pumzi hurudi haraka kuliko kano. Moyo na mapafu vikianza kazi, ndani ya wiki mbili tatu unajisikia mtu mpya, unapanda katikati ya kundi. Kano na misuli iliyokaa miaka minane inahitaji miezi. Ndiyo maana Jumamosi ya kwanza ulipona na ya tatu ukaliwa. Kilomita nane kwa mara moja, kwa wiki mara moja, na kilo 91, kisha mlima, kisha wimbo! Ule wimbo ndio uliokumaliza. Watu wazima wengi wanaorudi kwenye mbio huchanika palepale, kwenye shavu la mguu, na wengi hugeuka kumtafuta aliyerusha jiwe.

Daktari hakukosea kukupumzisha. Siku za kwanza mguu unataka kutulia. Lakini wiki sita za kuubembeleza zinatosha, sasa unataka kazi. Simama karibu na ukuta, uguse kwa vidole tu. Nyanyua visigino vyote viwili taratibu, ukihesabu mbili kwenda juu na tatu kushuka. Mara 15, pumzika, rudia hadi mizunguko mitatu, siku moja ndiyo na siku moja hapana. Maumivu madogo yanayoisha kufikia kesho yake hayana neno. Yakizidi yakakufanya uchechemee, umepita kiasi, punguza. Ukiona ni mepesi, hamia mguu mmoja. Siku mguu uliochanika utakapofikisha mara 20 peke yake, sawasawa na mwenzake, ndipo unaruhusiwa kukimbia kupanda mlima. Kabla ya hapo UDOM utaiona kwa gari. Na kama shavu hilo litavimba, likawa la moto na kuuma hata ukiwa umekaa, usinisubiri mimi wala ukuta, nenda hospitali siku hiyohiyo, maana damu ikiganda kwenye mshipa dalili zake hufanana na hizo.

Kuna kitu kingine. Umejiunga na mbio, lakini kilichokutia aibu hakikuwa mbio. Hakuna aliyekupita mbio pale Bahi. Ulishindwa kuinua debe na ulishindwa kuinuka kwenye kigoda, na unataka kulima ekari nane. Hayo yote matatu ni nguvu za mapaja, nyonga na mgongo. Kilomita nane za Jumamosi haziwezi kukupa. Nami nakuambia, ukipata nguvu hizo, mbio zitakuja zenyewe na zitakuja bila jiwe.

Anza na kiti cha kulia chakula. Kunja mikono kifuani, inuka, kaa, inuka, kaa, bila kujitupa. Jipime kwa sekunde 30 uone unafika mara ngapi. Kwa wanaume wa miaka 60 hadi 64, anayepata chini ya 14 huhesabiwa kuwa chini ya wastani. Wewe hujafika umri huo, kwa hiyo 14 usiisherehekee. Andika namba yako ukutani, na tarehe. Kila baada ya siku moja fanya mizunguko mitatu ya mara 10. Ikiwa rahisi, shusha kiti: tafuta stuli, kisha kigoda. Kigoda cha kwenu, kile kifupi, ndicho mtihani. Ukiweza kuinuka kutoka kwenye kigoda mara 10 umekumbatia dumu la lita 10 lililojaa maji, niandikie tena tuongee mambo mengine.

Halafu kubeba. Lita moja ya maji ni kilo moja, Mungu ametupangia vizuri, huhitaji kununua vyuma. Shika madumu mawili, moja kila mkono, lita tano tano kwa kuanzia, utembee uani mgongo ukiwa umenyooka. Dakika moja, pumzika, mara nne. Kila wiki ongeza maji kidogo. Siku nyingine beba upande mmoja tu, utashangaa ubavu wa pili unavyolalamika. Kuinua kutoka chini kuna namna yake: sogea karibu na mzigo, kunja magoti na nyonga, mgongo usiupinde kama ndoano. Mama yako amekuonyesha bure pale uani, goti moja chini, pajani, begani. Hakufundishwa na mtu wa jimu.

Pushapu anza na ukuta, ukizoea nenda kwenye meza, sakafu itakuja. Kwa mgongo wa juu, ule unaovuta jembe, chukua tyubu kuukuu ya baiskeli, ifunge kwenye nguzo, vuta viwiko kuja mbavuni. Na kwa kuwa wewe ni mvuta kamba, nakuwekea zawadi ya mwezi wa pili. Tafuta tairi bovu la gari, lifunge kamba, nenda kwenye korongo lenye mchanga, Dodoma hatujakosa makorongo, ulivute ukirudi kinyumenyume. Hatua 20, pumzika, tena. Mapaja yatawaka moto lakini magoti hayatalaumu. Majirani watasema. Waache waseme, siku ya tatu watoto wao watakuja kukalia tairi, na hapo uzito utakuwa umeongezeka bila gharama.

Mazoezi haya ya nguvu ni mara mbili au tatu kwa wiki, si kila siku. Ulipokuwa na miaka 25 misuli ilijitengeneza usiku mmoja. Sasa inataka siku mbili. Watu wa rika letu wengi hawaharibiwi na uvivu wa kufanya, wanaharibiwa na pupa ya kurudia kabla mwili haujamaliza kazi ya juzi. Na huo mpira wa saa sita usiku, mdogo wangu, chagua mechi.

Siku zinazobaki, tembea. Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, pamoja na nguvu angalau siku mbili. Nusu saa siku tano umefika. Mwendo wa wastani unapimwa kwa mdomo: ukiweza kuimba, ongeza, ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Mke wako mchukue. Najua amesema ukae na wazee wenzako, lakini soma vizuri, yule ameogopa. Aliona mume ameletwa nyumbani anachechemea. Mkitembea pamoja saa kumi na mbili asubuhi hadi barabara kuu na kurudi, ataona mwenyewe unavyobadilika, na presha yake pia haitakataa. Toka mapema. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja hapa jua likishapanda saa tatu halina utani. Chukua na fimbo, kwa ajili ya mbwa wa alfajiri.

Kukimbia, baada ya wiki nne za visigino. Dakika moja kimbia polepole, mbili tembea, mara sita, barabara tambarare ya vumbi. Wiki inayofuata mara nane. Ukifika hapo dakika zenyewe zitajua pa kwenda. Klabu yako usiikimbie, wakifika mwisho wa mlima wewe uwe umewasubiri na maji.

Chakula nitakisema kwa sababu najua asubuhi yako: chai na chapati mbili. Misuli haijengwi na chapati. Kwa mtu mzima anayefanya mazoezi, gramu moja hadi moja na nukta mbili za protini kwa kila kilo ya mwili ni kiwango kizuri, kwako ni kama 90 hadi 110 kwa siku, mradi figo ni nzima, na hilo muulize daktari siku hiyohiyo ya presha. Mayai mawili ni gramu kama 12. Nusu lita ya maziwa ni 16 hivi. Kikombe cha maharage yaliyoiva ni 15. Kisha kuna kunde, choroko, karanga, dagaa, kuku. Ugali wa uwele na mlenda wa karanga na maziwa mgando pembeni, chakula cha nyumbani kwenu kabisa, kinakushinda nini? Gawanya hiyo protini kwenye milo yote mitatu, usiirundike yote Jumamosi kwenye nyama ya Msalato. Nyama ya Msalato naipenda na mimi, lakini haina uwezo wa kufanya kazi ya wiki nzima.

Kuhusu Simbu. Mwaka 2017 alipata shaba ya dunia kule London, na Septemba 2025 akapata dhahabu Tokyo kwa saa 2:09:48, yeye na Mjerumani Amanal Petros muda uleule, picha ya mstarini ndiyo iliyoamua. Ni dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha, na vijana wa ofisini wana haki ya kuisema. Ila 33 bado ni ujana, hapa hamna mfano wa mzee. Ukitaka mfano wako, kulikuwa na Mkanada aliyeitwa Ed Whitlock. Mwaka 2003, akiwa na miaka 72, alikimbia marathoni chini ya saa tatu. Mwaka uliofuata, na miaka 73, akakimbia saa 2:54:48. Aliongeza mwendo. Mazoezi yake yalikuwa kuzunguka eneo la makaburi karibu na kwake, saa kadhaa, polepole. Hapa kwetu angeitwa mchawi, kwa hiyo wewe baki barabarani.

Na wewe pia una mbio zako, zina tarehe. Mvua za kwanza kwa kawaida zinatufikia Desemba. Kuanzia leo una kama wiki kumi. Zitumie hivyo nilivyosema, kisha nenda Bahi na jembe siku mbili, usiende na trekta la kukodi. Lima mistari michache asubuhi, pumzika jua likipanda, jioni kidogo tena. Ukifika usiparamie debe mbele ya watu. Kaa kwanza kwenye kile kigoda, kula, zungumza na mama, halafu inuka uende kunawa, mpwa wako akiwa mbali.

Kesho yake asubuhi utaamka unauma mahali. Niandikie ni wapi.